Ndege wa Mfalme na Beji ya Siddhibir

Magoti ya Siddhibir Shilpakar yalikuwa mabovu na hadithi zake zilikuwa nzuri, na kwa miaka kumi na ushei alifanikiwa kuyaficha magoti nyuma ya hadithi. Watalii aliowaongoza katika uwanja wa wafalme wa mji wa Yala hawakugundua. Walidhani mzee anasimama kwenye ngazi ya tano ya hekalu kwa sababu hapo ndipo zinapoonekana vizuri zile boriti za mshazari zinazobeba paa, zilizochongwa miungu yenye mikono mingi.

"Inueni macho," aliwaambia, naye akaegemea nguzo. "Msiharakishe. Mchongaji hakuharakisha."

Wageni wakainua macho wakahesabu mikono ya miungu, na Siddhibir akahesabu pumzi zake. Palipokuwa na ngazi palikuwa na hadithi, na kadiri ngazi zilivyokuwa kali ndivyo hadithi ilivyorefuka. Ndefu kuliko zote ilikuwa ya kisima cha Manga, kule chini kwenye shimo la mawe ambako maji hutoka midomoni mwa wanyama waliochongwa, mchana na usiku, tangu kabla ya jumba la mfalme kujengwa. Kushuka kule hakukuwa na taabu. Kupanda kulihitaji wafalme watatu, ukame mmoja na malkia mwenye wivu.

Kifuani alivaa beji ya chama cha waongoza watalii. Ilikuwa na picha yake ya zamani, masharubu meusi, nywele nyeusi, macho ya mtu aliyekwisha kumpata mteja. Masharubu na nywele aliendelea kuvilinganisha na picha kwa kupaka piko kila Jumamosi, na piko hilo liliacha alama kwenye mto wa kitanda, jambo ambalo mkewe Astamaya alilisema kila Jumapili.

Beji ile ilikuwa na jambo lake. Kanuni ya chama ilisema mtu akifika miaka sabini anairudisha, anapewa shali na shada la maua, anapigwa picha na anakwenda nyumbani. Kwenye karatasi za chama Siddhibir alikuwa na miaka sitini na saba. Kwenye hesabu ya mama yake mzazi, Mungu amweke pema, alikuwa na sabini na saba.

Hakudanganya, au tuseme hakuanza yeye. Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa karatasi ndefu iliyoviringishwa, iliyoandikwa na mnajimu kwa kalenda ya Wanewari, wenyeji wa mji ule. Serikali ilikuwa na kalenda yake nyingine. Wageni walikuja na ya tatu. Siku aliyokwenda kuandikishwa chamani, karani kijana aliikunjua ile karatasi, akatoa hapa, akajumlisha pale, akahesabu kwa vidole, akaishiwa vidole, akaandika mwaka. Siddhibir aliutazama ule mwaka na kuona umempunguzia miaka kumi. Akafungua mdomo.

"Unaonekana kijana bado, mzee wangu," karani akasema.

Siddhibir akafunga mdomo. Tangu hapo hakuufungua tena kwa jambo hilo.

Watu waliomfahamu walijua kwamba nje ya uwanja ule hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Alizaliwa katika ukoo wa wachonga mbao. Baba yake alichonga madirisha ambayo watu walisafiri kuja kuyaona, lakini mikono ya Siddhibir haikurithi kitu. Akiwa na miaka kumi na miwili alijikata kidole gumba kwa patasi, na baba yake akakitazama kile kidole, akautazama mti ulioharibika, akahuzunika zaidi kwa ajili ya mti. "Wewe," alimwambia, "kaa mlangoni uwaeleze watu mimi nafanya nini." Kijana akakaa mlangoni, akaeleza. Wazungu wenye nywele ndefu waliopita miaka ile walimpa sigara ili aeleze zaidi. Akaeleza dirisha, kisha nyumba, kisha mtaa, kisha uwanja mzima, na hapo uwanjani akabaki.

Sasa mwezi ulikuwa umekaribia ambao angetimiza miaka sabini na saba, miezi saba na siku saba.

Kwa Wanewari hiyo si siku ya kupuuza. Mwenye kuifikia hukalishwa kwenye gari la mbao lililopambwa, yeye na mwenzi wake, na wanawe na wajukuu hulivuta kwa kamba mitaani huku ngoma zikilia. Akishuka, si mzee tena bali ni mmoja wa miungu. Watu humwinamia, naye huwabariki. Sherehe hiyo huitwa janku, na Astamaya alikuwa ameingoja tangu alipoolewa.

"Baba yako alikufa na miaka sabini na sita na miezi kumi," alisema asubuhi moja, akipepeta soya nyeusi kwenye ungo. "Alikosa gari kwa miezi tisa. Mpaka leo watu wa mtaa wakimtaja wanatikisa kichwa, kama mtu aliyekimbilia basi likamwacha kituoni. Wewe umefika, mzima, na meno saba yako mwenyewe. Unataka nini tena?"

"Nataka tufanye humu humu uani. Gari lizunguke kisima mara tatu, tule, tumalize."

"Uani? Mungu gani huyo wa uani?"

"Wapo."

"Wapo, ndiyo, yule wa kulinda takataka." Aliupiga ungo. "Gari litatoka, baba Pushkar. Litapita mtaani, litapita uwanjani mbele ya hekalu la Bhimsen, na mimi nitakaa juu yake na shela yangu nyekundu, nimwone mke wa fundi tarumbeta akiniona."

"Uwanjani kuna Bikendra."

"Na aje, atakula pepeta za mchele kama wengine."

Bikendra Amatya alikuwa katibu wa chama. Kila asubuhi alisimama uwanjani karibu na nguzo yenye sanamu ya mfalme, mkononi ameshika faili, akikagua beji moja moja kama mwalimu wa zamu. Alikuwa mtu mpole, na hilo ndilo lililomtesa Siddhibir. Mtu mkali unaweza kumchukia ukapata nafuu.

"Akiniona juu ya gari," alisema Siddhibir, "atajumlisha. Yule hakosei hesabu kama karani wa kwanza. Beji itakwenda. Halafu mimi nitakuwa nani?"

"Mungu," Astamaya akasema.

"Mungu hana kazi, Astamaya. Anakaa tu anarushiwa mchele."

Akaenda kwa kuhani kuomba njia ya uchochoroni, nyuma ya jumba la wafalme. Kuhani alimwambia kwamba uchochoro ule umechimbwa kwa ajili ya mabomba ya maji, una handaki la kumzamisha tembo, na kwamba yeye mwenyewe wiki iliyopita ameacha kandambili mle. Akaomba basi gari lifunikwe kwa shuka. Kuhani akamuuliza kama anasherehekea au anasafirishwa kwenda kuzikwa. Akaomba siku isogezwe mpaka msimu wa mvua, wageni wakiwa wachache. Kuhani akaivua miwani.

"Mzee Siddhibir. Miaka sabini na saba, miezi saba, siku saba. Ni sehemu gani ya hesabu hiyo unayoiona ina nafasi?"

Ndipo Siddhibir alipofanya jambo ambalo baadaye alilieleza kuwa ni la busara, na mkewe alilieleza kwa neno jingine. Alimwendea Bikendra chini ya nguzo ya mfalme, akavua kofia, akamwambia kwamba siku fulani hatakuja kazini kwa sababu kaka yake mkubwa anafanyiwa janku.

"Una kaka?" Bikendra akasema, na uso wake ukafunguka kwa furaha. "Mzee wangu, miaka yote hii hukuwahi kumtaja!"

"Ni mtu wa ndani ndani."

"Mnafanana?"

"Kidogo. Yeye hana masharubu."

"Basi nitakuja mimi mwenyewe kumsalimu," alisema Bikendra. "Nitasimama hapa hapa na sinia la matunda, nipate baraka zake. Baba yangu hakuifikia siku hiyo. Sitakosa."

Siddhibir akarudi nyumbani, akachukua wembe, akanyoa masharubu aliyoyafuga tangu kabla ya kuoa. Astamaya aliingia, akamtazama, akakaa kitako sakafuni akacheka mpaka shela ikamvuka kichwani.

"Kumbe mdomo wenyewe ndio huu!" alisema. "Kama ningeuona mapema!"

"Ungefanyaje?"

"Ningefikiri siku mbili zaidi."

Lilibaki tatizo la wageni. Asubuhi hiyo hiyo ya janku alikuwa ameahidiwa kundi la watu kumi na wanane, watu wa kweli wa kusikiliza, walimu wastaafu. Hakuwa na budi kumpa Rujan.

Rujan alikuwa mwongoza watalii mwenye miaka ishirini na sita, viatu vyeupe na haraka. Aliumaliza uwanja mzima kwa dakika arobaini. Alimheshimu Siddhibir kwa namna ya vijana wa siku hizi, yaani kwa kumtania.

"Babu, hadithi zako ndefu mno. Wageni wako wanakosa chakula cha mchana, wanakonda, ubalozi utalalamika."

"Na wako wanashiba wakiwa hawajaona kitu. Sikiliza. Kwenye ile nguzo ya mfalme usikimbie. Umesikia? Ieleze vizuri."

"Naijua, babu. Mfalme, nyoka, ndege."

"Unayajua majina. Ieleze vizuri."

Ile ndiyo hadithi aliyoipenda kuliko zote, ingawa pale hapakuwa na ngazi hata moja. Juu ya nguzo ya jiwe, amekaa mfalme wa kale wa Yala, shaba iliyopakwa dhahabu, amelielekea jumba lake. Nyuma yake ameinuka nyoka, amekitandaza kichwa kama mwavuli, na juu ya kichwa cha nyoka ametua ndege mdogo. Husemwa kwamba mfalme huyo alichoka na ufalme, akaondoka siku moja kwa miguu, akawaambia watu wake wasimlilie: maadamu ndege yule hajaruka, yeye yu hai. Kwa hiyo kule jumbani, husemwa, waliendelea kumtandikia kitanda na kumwachia dirisha wazi, asije akarudi akakuta pamefungwa. Siddhibir alikuwa ameisimulia mara elfu kadhaa. Kila mara alipofika kwenye dirisha, sauti yake ilishuka yenyewe, na ndani yake kitu fulani kilitulia, kama mtu aliyehakikisha kwamba mlango wa nyuma haujafungwa.

Siku ikafika, jua kali na anga safi, milima ya theluji ikionekana juu ya mapaa kama nguo nyeupe zilizoanikwa. Mwanawe Pushkar alikuwa amekuja kutoka Osaka kwa likizo ya siku kumi, amenenepa, na kila alipoinama kwa baba yake magoti yake yalilia kuliko ya baba. Mwanamke wa ukoo wa vinyozi alimkata Siddhibir kucha za miguu na kumpaka nyayo rangi nyekundu. Kuhani alisoma tangu alfajiri. Walimvika joho la hariri, wakamtundika mashada ya maua mpaka kidevuni, wakamlisha yai na samaki mkavu na funda la pombe ya mchele, na kila jamaa aliyeingia alimbandika paji la uso unga mwekundu uliochanganywa na mchele na mtindi.

"Zaidi," alisema Siddhibir. "Msione haya. Mpaka puani."

"Baba ana moyo wa ibada leo," alisema Pushkar.

"Ana moyo wa kujificha," alisema Astamaya, ambaye alikuwa amevaa sari nyeusi yenye ukingo mwekundu, shela nyekundu begani, na dhahabu yake yote, na aliyeonekana mdogo kwa miaka ishirini bila piko.

Walipompandisha garini alijipapasa kifuani, chini ya joho. Beji ilikuwepo. Aliibana pale asubuhi, bila kujiuliza kwa nini.

Ngoma zikaanza, na zumari. Pushkar na binamu zake wakazishika kamba, wajukuu wakashika walichoweza kushika, gari likang'oka kwa mlio wa kuudhi likaanza kutambaa mtaani. Watu walitoka madirishani, yale madirisha ya mbao yaliyochongwa kama lesi, vichwa vikichomoza kila tundu. Walimrushia mchele na maua. Mke wa fundi tarumbeta alisimama mlangoni na kumwona Astamaya, na Astamaya alimwona akimwona. Siddhibir, aliyeiacha miwani nyumbani, asiye na masharubu, uso mwekundu kama ukuta wa hekalu, alikaa wima. Alianza hata kufurahi. Mwanamke mmoja mzee kuliko yeye aliinama akagusa gurudumu, na alipoinuka alikuwa analia, na Siddhibir akamwekea mkono kichwani kabla hajakumbuka kwamba yeye ni mtu wa kujificha.

Gari likaingia uwanjani.

Bikendra alikuwepo, chini ya nguzo, suti ya kijivu, sinia la machungwa mikononi. Alilitazama gari likija kwa uso wa heshima usio na hata chembe ya shaka. Hatua tano kutoka kwake alisimama Rujan na walimu wake kumi na wanane. Gari lilipofika kati yao likakwama. Mawe ya uwanja ule yana pengo mahali hapo, na wavutaji wa kamba walikuwa watu wa ofisini. Pushkar akapiga kelele, binamu wakabishana ni upande gani wa kusukuma, wapiga ngoma wakapumzika. Ikawa kimya. Na katika kimya kile Siddhibir alisikia sauti ya Rujan, kwa Kiingereza, ikikimbia.

"Mfalme, nyoka, ndege. Walisema ndege akiondoka, mfalme amekufa. Sasa, mwaka wa tetemeko kubwa, sanamu ilianguka yote chini, na ndege naye. Kwa hiyo, rafiki zangu, mfalme wetu alikufa rasmi mwaka ule ule. Karibuni huku, hekalu la mawe."

Siddhibir alishika ukingo wa gari. Alijiambia wewe ni kaka yake. Alijiambia kaka yake hajui Kiingereza. Alijiambia bado miaka mitatu ya kuvaa beji. Walimu wastaafu walikuwa wanageuka kuondoka, mmoja ameshafunga daftari lake, waende nalo kwao, mfalme akiwa amekufa humo ndani.

"Alianguka!" Siddhibir akanguruma. "Alianguka! Hakuruka!"

Watu wote wakageuka. Hata njiwa wakainuka kwenye paa.

"Wewe Rujan, ndege akianguka ameruka? Wewe ukianguka ngazini tunasema umesafiri?" Akawageukia wageni, kwa Kiingereza kile kile cha miaka hamsini. "Mabibi na mabwana, inueni macho. Msiharakishe. Mchongaji hakuharakisha. Siku ya tetemeko nilikuwa nimesimama pale, penye yule bibi mwenye kofia. Mahekalu mawili yalikaa chini kama wazee waliochoka. Mfalme akadondoka, na nyoka wake, na ndege wake. Vumbi lilipotulia watu walilia, wakasema basi, amekwenda. Nikawauliza, nani amemwona akipiga bawa? Hakuna aliyemwona. Ndege alianguka na bwana wake, akalala naye kwenye vifusi, akangoja naye mpaka walipopandishwa tena. Sasa niambieni: ndege aliyekuwa na ruhusa ya kuondoka siku kama ile, asiondoke, ataondoka lini?"

Sauti yake ikashuka.

"Dirisha ni lile pale. Wanasema kitanda kimetandikwa."

Walimu wastaafu walipiga makofi. Bibi mwenye kofia alifungua tena daftari lake. Siddhibir alitabasamu, akainua mkono kwenye masharubu ayasokote kama alivyozoea mwisho wa hadithi, na mkono haukukuta kitu. Ndipo alipokumbuka. Alitazama chini, akamwona Bikendra na machungwa yake.

"Kaka yake Siddhibir," Bikendra akasema taratibu.

"Naam, mwanangu. Ubarikiwe."

"Mnafanana sauti."

"Baba mmoja, mama mmoja."

"Na Kiingereza kimoja. Na mchongaji mmoja asiyeharakisha."

"Bikendra, mwanangu," Astamaya akasema kutoka nyuma, akijipepea kwa ncha ya shela, "hana kaka. Hakuwahi kuwa na kaka. Ana dada watatu na wote wako hapa wanakucheka. Ana miaka sabini na saba, miezi saba na siku saba, kuhani ameandika. Sasa pokea baraka utupishe, jua linaniunguza."

Uwanja mzima ulikuwa unasikiliza. Bikendra alilitazama sinia, akalitazama gari, akamtazama kuhani aliyekuwa amesimama pembeni na kengele yake.

"Mheshimiwa, hapa nimkemee au nimsujudie?"

"Anza na kusujudu," kuhani akasema. "Kukemea kuna saa za ofisi."

Rujan alicheka kwa sauti, kisha akajiziba mdomo. Bikendra hakucheka. Aliliweka sinia ukingoni mwa gari, akainamisha kichwa, na Siddhibir akaona utosi wa mtu mzima ambao nywele zake zilikuwa zimeanza kupungua, kichwa cha mtu ambaye baba yake hakufika. Akakiwekea mkono.

Mungu anayepewa kitu hamwachi mtoaji aondoke mikono mitupu; humrudishia sehemu, ua au punje za mchele. Siddhibir alichukua ua moja kutoka shadani akaliweka kwenye sinia. Akachukua punje za mchele zilizomdondokea mapajani. Halafu akaingiza mkono chini ya joho, akahangaika na pini kwa vidole visivyomtii, Astamaya akainama akamsaidia, na beji ikatoka. Aliitazama kidogo. Yule mwenye masharubu meusi alimtazama pia. Akaiweka kati ya machungwa.

"Miaka saba iliyozidi," alisema, "nisamehe."

Bikendra aliishika beji kama mtu aliyepewa yai. "Shali yako ipo ofisini, mzee wangu," alisema. "Na shada la maua..." Alitazama maua yaliyomfunika Siddhibir mpaka kidevuni. "Shada naona utasamehe."

Pushkar na binamu zake walikubaliana hatimaye upande wa kusukuma. Gari likajinasua, ngoma zikalia, na mungu mpya wa Yala akapita mbele ya hekalu la Bhimsen akiwa amefura kama mtoto aliyenyang'anywa mpira.

Alibaki amefura wiki mbili nzima. Wakwe zake walimwosha miguu, majirani walimletea watoto wagonjwa, naye aliwabariki kama karani anayepiga mihuri. Pushkar alirudi Osaka. Nywele zilianza kuota nyeupe mizizini, na Jumamosi ilipofika Siddhibir hakuomba piko. Jumapili Astamaya aliutazama mto, mweupe, akakosa la kusema, na kukosa huko kulimkera.

"Toka nje," alimwambia. "Miungu wote wa mji huu wanakaa uwanjani wanaonekana. Wewe peke yako umejifungia jikoni unaonja mchuzi wangu."

Akatoka. Hakuwa na ruhusa ya kutembea na wageni, kwa hiyo hakutembea. Alikaa kwenye kibaraza cha mbao kilicho karibu na nguzo ya mfalme, pale wazee wanapokaa kuota jua, akaweka fimbo kati ya magoti. Magoti yalishukuru. Bikendra alipita na faili lake, akasimama, akainama kidogo, akaendelea kukagua beji za walio hai.

Haukupita muda akaja Rujan na kundi lake, viatu vyeupe. Walisimama chini ya nguzo.

"Huyu," Rujan alisema, "ni mfalme. Huyu ni nyoka. Na yule juu, rafiki zangu, ni jogoo."

Siddhibir alikaza macho kwenye fimbo yake.

"Jogoo huyo," Rujan akaendelea, na sasa alikuwa anaongea polepole kuliko alivyowahi kuongea maishani mwake, huku akitupa jicho upande wa kibaraza, "alikuwa wa kumwamsha mfalme asubuhi."

Wazee wa kibarazani waliacha kutafuna. Mmoja alimsukuma Siddhibir kwa kiwiko.

"Jogoo?" alisema Siddhibir, kwa wote wa uwanjani. "Jogoo, wewe kenge? Walete hapa hao watu! Walete, wakae kivulini. Mimi sitembei, sina beji, sitaki kitu chao. Inueni macho, mabibi na mabwana!"

Wakaletwa wakakaa. Kesho yake Rujan alisema ni bundi. Keshokutwa alisema mfalme aliondoka kwa farasi. Siku ya nne alitafuta uongo mpya akakosa, akasimama tu chini ya nguzo amenyamaza, mikono mifukoni, akitazama kibarazani na kungoja. Siddhibir alimwacha angoje kidogo, kama dakika moja hivi, akitazama kule juu alipotua ndege, ambaye hakuwa ameruka.

"Haya," akasema. "Sogeeni."